Kidhibiti Mwendo Hakina Mdomo, Wewe Unao

Mada: Usalama wa abiria barabarani.
Walengwa: Abiria, wazazi, madereva na makondakta, vikundi vya akina mama na vya vijana.
Lengo: Baada ya mazungumzo haya, msikilizaji aweze kueleza kazi ya kidhibiti mwendo, mambo ambayo kifaa hicho hakiwezi kuyafanya, na hatua ambazo yeye mwenyewe anaweza kuchukua akiwa ndani ya gari.

   

Labda unajiuliza: mazungumzo ya afya na mambo ya barabara yanahusianaje? Yanahusiana sana. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua, kuliko ugonjwa wowote mmoja. Hapa Kenya, kwa kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani. Kundi lililopoteza watu wengi zaidi ni la watu waendao kwa miguu.

Tatizo linaloua watu wengi hivyo ni tatizo la afya. Na kama tatizo lingine lolote la afya, lina chanzo, lina dalili na lina kinga. Leo tutazungumza juu ya kinga moja ambayo serikali imeitegemea kwa zaidi ya miaka 20, yaani kidhibiti mwendo. Tutaona kinafanya kazi namna gani, kinakwama wapi, na kwa nini kinakuhitaji wewe abiria.

MWENDO UNAFANYA NINI MWILINI?

Tuanzie Mwihoko, huku Ruiru, wanakoishi wasikilizaji wetu wengi. Mkazi wa Mwihoko anayekwenda kazini Nairobi hupitia Githurai 45 na kuingia Thika Road. Barabara hiyo kuu ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba mwaka 2012. Ni barabara pana na laini, yenye urefu wa kilomita zipatazo 50 kutoka Nairobi hadi Thika. Imeturahisishia safari. Lakini barabara laini humshawishi dereva kukanyaga mafuta.

Gari likigonga kitu ghafla, kuna migongano mitatu. Wa kwanza ni gari na kile lilichokigonga. Wa pili ni mwili wako na gari, maana gari husimama lakini wewe unaendelea kwenda kwa mwendo ule ule mpaka ukutane na kiti, kioo au abiria mwenzako. Wa tatu hauonekani kwa macho: ubongo hugonga fuvu, na moyo, ini na wengu huvutwa kwa nguvu ndani ya mwili. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka kwenye ajali akitembea, bila hata jeraha la nje, kisha akazidiwa baadaye kwa sababu ya damu inayovuja ndani.

Je, nguvu hiyo ni kubwa kiasi gani? Fikiria majumba ya ghorofa yanayojengwa siku hizi Mwihoko na Githurai. Tuchukue kwamba kila ghorofa ina urefu wa mita tatu. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni kama kuanguka kutoka ghorofa ya kwanza. Kwa kilomita 50 kwa saa, ni kama kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80, ni ghorofa ya nane. Kwa kilomita 100 kwa saa, ni ghorofa ya kumi na tatu.

Umeona? Kutoka 80 hadi 100 tumeongeza kilomita 20 tu, lakini tumepanda ghorofa tano. Sababu ni kwamba mwendo ukiongezeka kidogo, nguvu ya kugonga huongezeka sana. Kwa mtu anayetembea kwa miguu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hana bati wala mkanda wa kumkinga. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba gari lililoongeza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa likimgonga mtu, hatari ya mtu huyo kufa huongezeka mara nne na nusu.

SERIKALI ILILETA NINI?

Wasikilizaji wenye umri wa kutosha wanakumbuka matatu za zamani, ambapo abiria walijazana mpaka wengine wakaning'inia mlangoni. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, alitoa kanuni mpya ambazo wananchi waliziita Sheria za Michuki. Zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kilitakiwa kuwa na mkanda wa usalama. Gari lilitakiwa kuwa na mstari wa manjano, na dereva na kondakta kuvaa sare. Siku hizo matatu nyingi ziliondolewa barabarani kwa sababu hazikuwa zimetimiza masharti, na maelfu ya watu walikwenda kazini kwa miguu.

Baadaye serikali iliongeza mambo mengine. Sheria ya mwaka 2012 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ile tunayoijua kwa jina la NTSA. Mwaka 2013 polisi walianza kutumia barabarani kifaa cha kupima ulevi ambacho watu walikiita Alcoblow. Kanuni za mwaka 2014 zilimtaka mwenye matatu awe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, ili pawe na ofisi ya kuulizwa gari linapofanya makosa. Vidhibiti mwendo navyo viliwekewa viwango vipya, ili kifaa kisizuie mwendo tu bali pia kiweke kumbukumbu ya mwendo wa gari na kuituma kwa mamlaka. Mwezi wa Novemba 2018 serikali ilifanya msako mpya wa kurudisha Sheria za Michuki, na kwa mara nyingine watu wakatembea kwa miguu. Kisha mwaka 2024 ulizinduliwa mpango wa kitaifa wa usalama barabarani, wenye lengo la kupunguza vifo kwa nusu ifikapo mwaka 2028.

KIFAA CHENYEWE KINAFANYAJE KAZI?

Watu wengi husikia jina kidhibiti mwendo bila kujua ni kitu gani. Tueleze kwa urahisi. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa ndani ya gari. Waya mmoja hukiletea habari za jinsi magurudumu yanavyozunguka, na kutokana na habari hizo kifaa hupiga hesabu ya mwendo. Gari likikaribia kilomita 80 kwa saa, kifaa hupunguza mafuta au nguvu inayokwenda kwenye injini. Dereva anaweza kukanyaga mpaka chini, lakini gari halitaongeza mwendo. Vile vya kisasa vina pia kadi ya simu na husoma mahali gari lilipo kwa msaada wa setilaiti.

Ni kifaa kizuri. Hakilewi, hakisinzii, wala hakina haraka ya kurudi steji. Tatizo liko kwa sisi watu tunaoishi nacho.

KWA NINI KIFAA PEKE YAKE HAKITOSHI?

Msikilizaji, kidhibiti mwendo ni kama dawa. Dawa ikibaki ndani ya chupa haimponyi mtu. Hebu tutazame sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba kifaa huweza kuchezewa. Waya ukichomolewa, au kitufe cha siri kikifungwa chini ya dashibodi, kifaa hubaki kama pambo. Gari hupita ukaguzi likiwa na cheti, kisha likitoka hapo waya unachomolewa. Askari wa barabarani humwona dereva kwa dakika moja. Wewe abiria unakaa naye safari nzima.

Sababu ya pili ni kwamba kifaa kinajua namba moja tu. Kinajua 80. Hakijui kwamba sasa mnapita karibu na shule. Hakijui kwamba kuna mvua, au kwamba pale Githurai kuna akina mama wanaouza nyanya kando ya barabara, na watu wanavuka mbio ili wawahi gari. Katika mji na vituo vya biashara, sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Matatu inayopita sokoni kwa kilomita 75 inavunja sheria, na kidhibiti mwendo kimenyamaza kimya.

Sababu ya tatu ni pesa. Madereva wengi wa matatu hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi fulani kila jioni. Kinachobaki baada ya mafuta na gharama nyingine ndicho chao. Kwa hivyo kila safari ya ziada ni unga wa watoto nyumbani. Tusiwalaumu madereva kana kwamba wao ni watu wabaya. Wengi wao ni vijana wetu, waume zetu na ndugu zetu. Lakini mpango huo wa kulipana unawasukuma wakimbie.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2024 unatufundisha jambo hapa. Watafiti walifunga vifaa vya kufuatilia magari katika matatu 255 jijini Nairobi, na baadhi ya wenye magari wakawa wanapata habari kwenye simu zao: gari liko wapi, limekwenda kilomita ngapi, limeendeshwa vipi. Matokeo yakawaje? Biashara iliboreka. Madereva walifanya kazi zaidi, na uendeshaji unaoharibu gari ukapungua. Lakini usalama haukuboreka kwa sababu tu mwenye gari anaona mwendo kwenye simu yake. Mwenye gari alitumia habari hizo kulinda gari lake na mapato yake. Aliyehitaji kulindwa shingo yake alikuwa abiria, na abiria hakuwa na ile simu.

Hata katika mipango ya kurahisisha usafiri tumeona jambo kama hilo. Mwaka 2018 mstari mwekundu ulichorwa kwenye Thika Road kuonyesha njia ya mabasi ya mwendo kasi. Rangi ilipakwa mapema, lakini mabasi hayakuja nayo. Miaka ikapita, na watu wa Githurai na Mwihoko wakaendelea kupanda matatu zile zile. Barabara, rangi na mitambo ni mwanzo mzuri, lakini lazima awepo mtu wa kuvifanya vifanye kazi.

STIKA ILIYOSHINDA MITAMBO

Sasa nikupe habari njema. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walijaribu hapa Kenya jambo rahisi sana. Walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu, mahali ambapo abiria wanaziona. Stika ziliwahimiza abiria wasinyamaze dereva anapoendesha vibaya, bali wamwambie. Ili madereva wasizibandue, kulikuwa na bahati nasibu ya kila wiki kwa wale ambao stika zao bado zipo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika magari yaliyokuwa kwenye mpango wa stika, madai ya bima kutokana na ajali yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, lilionyesha madai yakipungua kwa kati ya robo na theluthi. Kampeni hiyo ilijulikana kwa jina la Zusha, na ilienezwa nchini kwa ushirikiano na NTSA.

Fikiria hapo. Kipande cha karatasi chenye gundi, kisicho na waya wala setilaiti, kilipunguza ajali. Nguvu haikuwa kwenye karatasi. Nguvu ilikuwa kwamba abiria alikumbushwa ana haki ya kusema, na dereva naye akajua hivyo.

TUNANYAMAZA KWA NINI?

Tuseme ukweli. Abiria 14 wanaweza kukaa ndani ya gari linalokimbia kama mshale, kila mmoja anaomba Mungu kimoyomoyo, na hakuna anayefungua mdomo. Mmoja anaogopa kutukanwa na kondakta. Mwingine anadhani wenzake hawaogopi, kwa hivyo anaona aibu. Mwingine amechelewa kazini na anasema moyoni, "Acha tu akimbie."

Huyu wa mwisho tumpigie hesabu. Tuseme safari yako kwenye barabara kuu ni kilomita 15. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, utatumia dakika 11 na robo. Kwa kilomita 100 kwa saa, utatumia dakika 9. Umeokoa dakika mbili na robo. Matatu ilikaa steji muda mrefu kuliko huo ikingoja abiria mmoja wa mwisho. Na huko mbele, Muthaiga au Pangani, msongamano utawangoja nyote, aliyekimbia na aliyekwenda pole. Je, dakika mbili zinatosha kupanda kutoka ghorofa ya nane hadi ya kumi na tatu?

NAMNA YA KUZUNGUMZA NA DEREVA

Sikiliza mfano huu.

Abiria wa kwanza: Dere, samahani, punguza mwendo kidogo. Tuna watoto humu.
Kondakta: Mathe, kama unaogopa shuka upande ingine.
Abiria wa pili: Hapana, kijana wangu, mama amesema kweli. Hata mimi nimelipa nauli ili nifike.
Abiria wa tatu: Dere, punguza tafadhali. Sisi hatuna haraka hiyo.
Dereva: Sawa, sawa, wazee. Tumepunguza.

Umesikia kilichobadilisha mambo? Sauti ya kwanza peke yake ilidharauliwa. Sauti ya pili na ya tatu ndizo zilizoleta mabadiliko. Kwa hivyo ukiwa huna ujasiri wa kuwa wa kwanza, basi kuwa wa pili. Ukimsikia mama amesema, usitazame dirishani. Muunge mkono.

Zingatia mambo haya:

1. Sema mapema. Usingoje mpaka gari limeanza kuyumba. Sema mara tu unapoona mwendo si wa kawaida, dereva anaongea kwenye simu, au anapita magari mengine mahali pasipofaa.

2. Sema kwa heshima. Matusi humfanya dereva aone aibu mbele ya watu, naye atakimbia zaidi ili aonyeshe kwamba haamrishwi.

3. Usimguse dereva wala usukani. Usianzishe ugomvi na kondakta ndani ya gari linalokwenda.

4. Kama hasikii, omba kushuka kwenye kituo salama, mahali penye watu. Usishuke gizani katikati ya barabara kuu. Nauli uliyopoteza ni ndogo kuliko bili ya hospitali.

5. Andika nambari ya gari, jina la sacco, mahali na saa. Ukishafika, piga ripoti kwa ofisi ya sacco, kituo cha polisi au NTSA. Mkiripoti watu watatu juu ya gari moja, ni vigumu kupuuzwa.

PIMA MWENDO MWENYEWE

Huenda utajiuliza, "Nitajuaje kwamba tumepita 80, na mimi nimekaa nyuma?" Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni simu yako. Simu nyingi za kisasa zinaweza kuonyesha mwendo wa gari kwa kutumia programu ya ramani au ya kupima mwendo. Iweke tayari kabla ya safari.

Njia ya pili haihitaji simu ya bei. Kando ya barabara kuu nyingi kuna mawe au vibao vya kilomita. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hutumia sekunde 45 kumaliza kilomita moja. Hesabu kwa saa yako kutoka jiwe moja hadi jingine. Zikipita sekunde 45 au zaidi, mko ndani ya sheria. Zikiwa 36, mnakwenda kilomita 100 kwa saa, na kile kidhibiti mwendo kimelala. Wafundishe watoto wako hesabu hii. Wataipenda, na itawafaa maisha yao yote.

KABLA YA GARI KUONDOKA NA BAADA YA KUSHUKA

Kinga haianzi gari likishakimbia. Kabla ya kukaa, angalia kama kiti kina mkanda unaofunga. Ufunge, hata kama umechafuka. Mkanda hupunguza karibu kwa nusu hatari ya kufa kwa mtu aliyekaa kiti cha mbele. Mtoto asikae mbele ukimpakata. Gari likisimama ghafla, hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumshika, na mwili wako ndio utakaomkandamiza.

Mkishuka Githurai na kuchukua boda boda kwenda Mwihoko, kumbuka kwamba boda boda haina kidhibiti mwendo. Hapo breki ni wewe na mwendeshaji. Mwambie kabla ya kupanda, "Twende pole pole, nitakulipa ile ile." Itisha helmeti na ufunge kamba yake chini ya kidevu. Helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Msipande watatu.

Na wewe unayevuka Thika Road kwa miguu, tumia daraja la juu lililojengwa kwa ajili yako, hata kama miguu imechoka na mzigo ni mzito. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akikuona gizani, sekunde moja hupita kabla mguu haujafika kwenye breki. Usiku vaa nguo nyeupe au yenye kung'aa. Na kama daraja lenu halina taa, mlipeleke jambo hilo kwa chifu na kwa mwakilishi wenu wa wadi mkiwa kikundi. Daraja linaloogopwa usiku haliwezi kuokoa mtu.

AJALI IKITOKEA

Kwanza jilinde wewe mwenyewe. Zuia magari mengine yasije yakagonga tena. Piga simu 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Mtu anayevuja damu nyingi, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimvute mtu kutoka garini ila kama kuna moto au hatari nyingine kubwa, kwa maana shingo au mgongo ukiwa umevunjika, kumvuta kunaweza kumpoozesha. Usimpe maji wala chakula. Usimweke ndani ya buti ya gari. Na mtu aliyegongwa tumboni au kichwani apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo.

MANENO YA MWISHO

Mpendwa msikilizaji, kinga ni bora kuliko tiba. Serikali ina wajibu wake: kukagua vifaa, kuwakamata wanaovichezea, kujenga madaraja na kuyawekea taa. Mwenye gari naye ana wajibu: asimwekee dereva hesabu ya jioni isiyoweza kupatikana bila kukimbia. Lakini wakati gari liko barabarani, waziri hayumo, askari hayumo, mwenye gari hayumo. Umo wewe. Kidhibiti mwendo hakina mdomo. Kikichomolewa waya hakiwezi kupiga kelele. Piga wewe.

Hadi tutakapokutana tena katika mazungumzo mengine, nakutakia afya njema na safari njema.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Matatu hairuhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na katika mji na vituo vya biashara mwendo usizidi 50.
- Kilomita moja kwa sekunde 45 ni mwendo wa 80. Chini ya hapo ni mbio.
- Kukimbia kilomita 15 kwa mwendo wa 100 badala ya 80 kunaokoa dakika mbili na robo tu.
- Mmoja akisema, wa pili amuunge mkono.
- Funga mkanda. Funga helmeti. Vuka kwenye daraja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, umewahi kunyamaza ndani ya gari lililokuwa likikimbia? Ni nini kilichokuzuia kusema?
2. Ni mahali gani kati ya Mwihoko na Githurai ambapo watoto wetu huvuka barabara kwa hatari? Kikundi chetu kinaweza kufanya nini juu ya mahali hapo mwezi huu?
3. Kama kuna dereva au mwenye matatu katika kikundi, atueleze: hesabu ya jioni huathiri vipi mwendo wa gari?
4. Watu watatu waigize mazungumzo ya abiria, kondakta na dereva. Kisha wengine waseme ni maneno gani yaliyofaulu na ni yapi yaliyoleta ugomvi.